Ng'ombe wa Kufundishia

Kila chuo kilipoleta wanafunzi wake shambani, Mjomba alisema lile lile: "Mleteni Shangazi."

Shangazi ni ng'ombe. Tulimpa jina hilo kwa upole wake, na kwa kutafuna kwake polepole kama mtu anayesikiliza umbea. Mjomba ndiye meneja wa shamba, kaka wa mama yangu, na mimi nilikuwa mkamuaji wake tangu nimalize la saba. Nyumbani ni Mjomba, zizini ni Meneja, ukikosea huitikiwi.

Safari hii walikuja na mshauri wa kilimo, bwana wa buti mpya na sauti ya kipaza, ambaye wote walimwita Mwalimu. Wanafunzi walikuwa wanasomea uendeshaji wa mashamba, na siku hiyo walitakiwa kujifunza kupima mimba. Mtu anavaa glovu ya plastiki inayofika begani, anaingiza mkono nyuma ya ng'ombe, kwenye njia ya choo, anapapasa kumtafuta ndama. Shangazi alikuwa na mimba kweli. Nilimfunga kamba, nikamshika kichwa kati ya mbao, nikawa namkuna chini ya sikio na kumnong'oneza, "Haya mama, haya."

Wa kwanza akaingiza mkono. Wa pili. Wakapokezana kama watu kwenye foleni ya bomba.

"Mwalimu, mimi nashika mavi tu!" mmoja akalalamika.

"Ulitaka ndama akupe mkono? Tafuta!"

Wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa naangalia glovu. Ya kijana mwenye miwani ilitoka na utelezi mwekundu.

"Mwalimu, anatoka damu," nikasema.

Mshauri akaitazama. Aliona, nisimsingizie upofu. "Ni kidogo. Wamebaki wachache."

"Wachache gani? Nusu nzima bado."

"Binti, wewe shika kichwa."

Nikamgeukia Mjomba. "Meneja, wapeleke basi kwa yule ng'ombe mweusi. Huyu ameumia, na ana ndama tumboni."

"Yule mweusi anapiga mateke, unamjua. Shangazi ndiye mvumilivu." Akanisogelea, akashusha sauti. "Mwanangu, usiniharibie. Tajiri mwenye shamba anataka meneja mwenye cheti. Huyu bwana kaniahidi nafasi ya kozi chuoni kwao. Nikiikosa, wanaleta mtu mwingine hapa, mimi na wewe tukalale chali kwa mama yako tuhesabu mabati."

Masikio yakawa ya moto kwa hasira. Cheti chake, kozi yake, halafu anayelipa ni mwenye mkia! Kisa nini? Kisa hapigi. Yule mpiga mateke alikuwa kivulini anakula majani, hakuna hata mmoja aliyemsogelea.

Msichana aliyefuata akaanza kuvaa glovu. Shangazi akatetemeka mapaja, akapinda mgongo, jicho likanigeukia. Nikajikuta namkuna tena, "Haya mama." Hapo ndipo nilipopandwa kabisa. Nani alikuwa amemshikilia huyu ng'ombe? Zile mbao zilikuwa zimeoza, angetaka angezivunja zamani. Alikuwa ametulia kwa mkono wangu na sauti yangu.

Nikaondoa mkono. Nikafungua kamba, nikarudi nyuma.

"We! Unafanya nini?" Mjomba akafoka.

"Shika wewe, Mjomba."

Nilimwita Mjomba palepale zizini, mbele ya wageni. Akaidaka kamba. Shangazi akarusha kichwa, kamba ikamponyoka. Teke la nyuma likavunja ubao, Mshauri akaruka pembeni akakaa kitako kwenye samadi. Wanafunzi wakatawanyika kama kuku. Shangazi akasukuma mbao za mbele kwa kifua, akatokea malishoni.

Mshauri akainuka, akajipangusa. "Ng'ombe huyu hafai kufundishia."

"Ndivyo nilivyokuwa nasema," nikamjibu.

Mjomba alikuwa ametoka mishipa ya shingo. "Kesho usije kukamua. Na kwangu usikanyage."

"Nani atakamua?"

"Mwenye adabu!"

"Basi mwambie huyo mwenye adabu amwoshe Shangazi kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kabla hajamgusa kiwele." Nikavua aproni, nikaitupia kwenye ndoo.

Nilipita malishoni. Shangazi alikuwa amesimama mbali, mkia ameuinua. Nikamwita. Akanitazama, hakuja.

Vizuri, nikamwambia. Usimwendee mtu leo.