Saa Yenye Vitufe Vitano

Mimi ni fundi wa lifti, huu mwaka wa ishirini na sita, na kama kuna kitu ninachokijua hapa duniani ni kitufe. Nikiingia kwenye lifti ya jengo lolote, kabla sijauliza inakwenda ghorofa ya ngapi, kidole changu kimeshajua kitufe kipi kinakaribia kufa. Kwa hiyo nilipoamua kununua saa ya kukimbilia, ile yenye GPS, kwa bei ya mtu wa mshahara kama wangu, sikutaka kuhubiriwa habari za rangi wala jina la kampuni. Nilitaka kubonyeza.

Ila nisijifanye mjanja. Wazo la saa halikuwa langu. Lilitokana na neno la binti yangu, na binti yangu hana maneno mengi kwangu siku hizi.

Anasoma chuo, mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Tangu mama yake afariki, miaka miwili iliyopita, tumegeuka watu wa kuulizana chakula. Jumapili anapiga simu. "Umekula, baba?" "Nimekula. Wewe?" "Nimekula." Tunasikilizana pumzi kidogo, kisha mmoja wetu anakumbuka ana kazi fulani. Likizo iliyopita alinikuta sebuleni asubuhi nafunga kamba za viatu. Daktari ndiye aliyeniambia nikimbie, kwa ajili ya presha. Sikumwambia daktari kwamba hata asingesema ningekimbia, kwa sababu nyumba ile asubuhi haikaliki. Unawasha redio, unaizima, unakuta bado saa moja haijafika.

Binti yangu akasimama mlangoni mwa chumba chake, shuka mabegani, akasema, "Ukianguka huko njiani, nani atajua?" Hakungoja jibu. Akarudi kulala.

Neno lile lilinikaa rohoni, maana lilikuwa na kitu nyuma yake, na sote wawili tulikijua. Siku mama yake alipoanguka jikoni, walikuwa wawili tu nyumbani, yeye na mama yake. Alinipigia simu sikupokea. Akapiga tena na tena. Nilifika hospitali saa kumi jioni, grisi imenijaa mpaka kwenye viwiko, mambo yamekwisha. Mpaka leo hajaniuliza kwa nini sikupokea, nami sijamweleza. Asubuhi ya siku ile mimi na mama yake tuligombana mbele yake, na nilijua vizuri sana anafikiria nini.

Basi nilitaka saa ambayo ingemwonyesha binti yangu niko wapi. Niseme wazi: nilitaka anitazame. Mambo ya kilomita yalikuwa ya ziada.

Nilianza na video za kwenye simu. Jioni nne nzima nilikaa na sufuria ya wali mapajani nikiwasikiliza vijana wenye miguu ya swala wakibishana juu ya saa. Huyu anasema usinunue isiyopima oksijeni ya damu. Yule anasema bila ramani ya rangi umeliwa. Mmoja alivaa saa sita kwa mpigo, tatu kila mkono, akakimbia kulinganisha ipi inadanganya. Nilimwonea huruma mkewe. Kazini nako, mwenzangu tunayemwita Spana, ambaye hajawahi kukimbia hata mvua, alikuwa na ushauri tayari.

"Mzee, kwa nini usumbuke? Kuna jamaa anauza pale stendi, saa inafanana kabisa na zile za bei mbaya. Inapima kila kitu."

"Ina GPS?"

"Imeandikwa GPS."

"Nimekuuliza inayo, sijakuuliza imeandikwa nini."

Alinuna mpaka saa sita mchana.

Jumamosi nikaenda dukani, duka la vifaa vya michezo lililo katikati ya mji. Muuzaji alikuwa dada mmoja wa makamo, mcheshi, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akaniamkia, nikaitikia, akaniuliza nakimbia mbio gani. Nikamwambia mbio za mzee. Akacheka, akatandaza saa tatu juu ya kioo cha kaunta.

Ya kwanza ilikuwa ya kupapasa, haina kitufe hata kimoja. Nzuri, nyembamba, bei inavumilika. Nikapapasa, haikusikia. Nikapapasa tena. Vidole vyangu vimeota sugu kwa kushika kamba za chuma, na ile saa iliniona kama sipo. Dada wa watu akajaribu kwa kidole chake kimoja, ikafunguka papo hapo.

"Hii imekukataa, mzee."

"Tumekataana. Lete nyingine."

Ya pili ilikuwa na kila kitu. Inapima usingizi, inapiga muziki, inalipia bidhaa, inakwambia leo una hali nzuri ya kukimbia au upumzike. Nikamwambia usingizi wangu naujua mwenyewe, sihitaji ripoti. Na kabla hajanitajia bei nilishaiona imeandikwa nyuma, nikairudisha taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Ya tatu ilikuwa ya toleo la miaka miwili nyuma. Plastiki tupu, kioo kisicho na madoido, vitufe vitano, viwili kulia na vitatu kushoto. Nikaanza kazi. Nilibonyeza cha kuanzia mara hamsini nikihesabu kimoyomoyo, maana hicho ndicho kitakachobonyezwa kila siku. Kilirudi sawasawa kila mara, hakikusita wala kulegea upande mmoja. Dada akanitazama mdomo wazi.

"Unainunua au unaikagua kwa niaba ya serikali?"

Nikamwomba nitoke nayo nje nione inachukua muda gani kupata setilaiti. Akabaki na kitambulisho changu. Mtaa ule umebanwa na maghorofa pande zote mbili, nami nikasimama pale kwenye ukingo wa barabara nikiwa nimenyoosha mkono juu, watu wananikwepa. Sekunde arobaini na moja. Chaji yake, alivyoniambia, inafika wiki moja na nusu kwa mtu anayekimbia saa moja kwa siku. Mapigo ya moyo inapima, si kwa usahihi wa hospitali, lakini kwa presha yangu inatosha.

"Kuna jambo moja," nikamwambia niliporudi. "Mtu mwingine anaweza kuniona nilipo?"

"Ukikimbia na simu yako mfukoni, ndiyo. Unamchagua mtu, na kila ukianza kukimbia linki inakwenda kwake yenyewe. Anakuona kama kidoa kinachotembea kwenye ramani." Akachomoa kalamu kichwani aandike risiti. "Unamweka nani? Mama watoto?"

"Binti yangu," nikasema, nikaanza kuhesabu noti.

Jioni ile nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: nimenunua saa, utakuwa unaletewa linki, si lazima uangalie. Akajibu, "Sawa baba." Basi.

Nikaanza. Kila siku saa kumi na mbili na nusu nabonyeza, nasubiri mlio, naondoka. Njia yangu inashuka mtaa wa gereji, inazunguka uwanja wa shule, inarudi kwa barabara ya hospitali, kilomita sita na ushei. Nikifika nyumbani naangalia simu kabla ya kunywa maji. Hakuna kitu. Wiki ya kwanza nilijipa moyo kwamba ana mitihani. Wiki ya pili nikaongeza kilomita mbili, labda ataona namba kubwa aseme hongera. Wiki ya tatu nikafanya upuuzi wa kukimbia mara mbili kwa siku, goti likavimba. Jumapili akapiga. "Umekula, baba?" Nikasema nimekula. Nilikuwa na hamu ya kumuuliza kama linki zinafika, lakini niliogopa angesema hapana. Zaidi ya hapo, niliogopa angesema ndiyo.

Nilikuwa kidoa kinachozunguka mji kisichotazamwa na mtu. Nilijiona mpumbavu, na upweke ule ulikuwa mbaya kuliko ule wa kabla ya saa, kwa sababu sasa ulikuwa na ramani.

Wiki ya tano, Alhamisi, nilikuwa nimefika uwanja wa shule Spana aliponipigia. Lifti imekwama kwenye jengo la ofisi karibu na hapo, watu wanne ndani, mmoja wao mjamzito, na yeye yuko peke yake. Niligeuza palepale. Sijawahi kukimbia vile tangu utoto. Nikapanda ngazi ghorofa kumi na moja mpaka chumba cha mashine kilicho juu ya paa, nikavaa ovaroli ya akiba ya Spana juu ya kaptura yangu.

Sisi mafundi wa lifti tuna sharti moja ambalo halina mjadala: mtu hashuki kwenye shimo la lifti na kitu chochote kinachoweza kudondoka au kunasa. Simu kutoka ghorofa ya kumi inapasua kichwa cha aliye chini, na pete inaweza kuondoka na kidole. Kwa hiyo mlangoni mwa kila chumba cha mashine kuna msumari, na kwenye msumari kuna mfuko wa kitambaa, na unatia humo simu, funguo, pete, saa. Ishirini na sita ni miaka mingi. Mikono inavua yenyewe, kichwa kikiwa kimeshaingia kazini. Nilivua saa, nikatia simu, nikaning'iniza mfuko, nikashuka. Sikubonyeza kitufe cha kusimamisha.

Wale watu tuliwatoa kwa dakika arobaini, wazima, yule mama akilia na kucheka. Lakini breki ilikuwa imeungua, na lifti iliyoungua breki haiachwi hivyo. Nilipopanda tena juu na kutia mkono kwenye ule mfuko, masaa matatu yalikuwa yamepita.

Simu kumi na moja hazikupokelewa. Zote za binti yangu.

Nilishuka zile ngazi sijui kwa miguu ya nani, nikatoka nje, nikapiga. Alipokea kabla haijaita vizuri.

"Baba?"

"Ni mimi. Niko salama, mwanangu. Niko..."

"Ulikuwa wapi?" Alikuwa analia, lakini kwa hasira, maneno yakigongana. "Uliacha njia yako ghafla, ukakimbia kama unafukuzwa, halafu ukasimama. Masaa matatu hujasogea hata hatua! Nimepiga hospitali ya huko. Nimepiga polisi, baba!"

"Ulikuwa unaniangalia?"

"Kila siku nakuangalia."

Nilikaa kwenye ngazi za lile jengo. Watu wa ofisi walinipita na vikombe vyao vya kahawa.

"Mbona siku zote hukusema kitu?" nikamuuliza.

"Niseme nini? Nakuona umetoka, nakunywa chai. Nakuona umefika, naenda darasani."

Nikamweleza habari ya lifti, na breki, na sharti letu la msumari. Nilieleza vibaya, nikirudia mambo.

"Na siku ile?" akauliza.

Sikumuuliza siku gani. "Siku ile vilevile. Simu ilikuwa msumarini. Nilikuwa ghorofa sita chini yake, sikuisikia."

"Nilipiga mara tisa."

"Najua. Nilizihesabu baadaye."

"Nilidhani umeziona ukaziacha. Kwa sababu ya yale maneno ya asubuhi."

"Nilikuwa nimemkasirikia mama yako, ni kweli. Lakini ningepokea. Mwanangu, ningepokea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, baba!"

Alikuwa amesema kweli tupu, na miaka miwili yote nilikuwa nimemngoja mtoto aje kuniuliza jambo ambalo mtu mzima alipaswa kulisema siku ya kwanza. Nikamwambia nisamehe. Hakujibu kwamba amesamehe, wala kwamba hajasamehe. Nilimsikia akipenga kamasi.

"Sasa uko wapi?"

"Nje ya jengo. Nimekaa."

"Naona. Hujasogea." Akavuta pumzi. "Nenda nyumbani. Nimeshakosa darasa la kwanza, nitaingia la pili. Nitakuangalia mpaka ufike."

Akakata.

Kutoka pale mpaka kwangu ni kilomita tatu, na nikikimbia ni dakika ishirini. Nilivaa saa, nikainuka. Sikukimbia. Nilitembea, tena kwa njia ya kuzungukia soko, polepole kama mtu aliyeagizwa mayai, nikisimama kwenye kila kivuko hata pasipokuwa na gari. Nilipofika kwenye kona ya mtaa wetu niliiona nyumba yangu, nikapita, nikaenda kuzunguka tena.