Nyanda za Akiba

Fundi alikuwa mbishi, na ubishi wake mkubwa ulikuwa juu ya sentimita. Utepe wake wa kupimia alikuwa ameuchora alama mwenyewe, kwa shibiri na nyanda, kama alivyofundishwa na mjomba wake: wanda ni upana wa kidole, nyanda kumi na mbili ni shibiri moja, basi. Wateja walimcheka, lakini suruali zake ziliwakaa vizuri, kwa hiyo walimcheka wakiwa wamezivaa.

Kwa utepe huohuo alimpima mkewe kiuno kila mwanzo wa mwezi, tangu alipougua. Mara ya kwanza alipata shibiri nne kamili. Miezi mitano baadaye zilikuwa tatu na nyanda mbili. Mkewe hakutaka kuvaa nguo nyingine zaidi ya gauni lake la bluu, na kila mwezi Fundi alilipunguza nyanda mbili bila kukata kitambaa kilichozidi. Alikikunja ndani, kwenye mishono ya ubavuni. Ndivyo inavyoshonwa nguo ya mtu atakayenenepa tena, na yeye alishajiapiza kwamba mkewe atanenepa.

Binti yao alifanya kazi maabara, akipima nafasi zilizoko kati ya atomi za vyuma. Walimwita Profesa tangu akiwa darasa la tatu, kwa maswali yake yasiyokwisha. Alikuwa amechukua likizo aje kumuuguza mama yake. Ni yeye aliyezungumza na daktari, na tangu siku hiyo alitembea na maneno ya daktari kooni kama aliyekwamwa na mwiba.

Asubuhi moja Fundi alimwita kwenye chumba cha cherehani. Kuna jambo lilimtatiza. Kutwa nzima alikaa na mkewe, akimtazama, asione chochote kikipungua. Mwezi ukiisha, nyanda mbili hazipo. Zilitoka saa ngapi?

"Nyinyi mna vile vipimo vyenu vidogo," alisema. "Hebu nitafutie. Nataka kujua zinaondokaje."

Profesa angeweza kukwepa. Lakini hesabu ndiyo pekee aliyoweza kumpa baba yake bila kumdanganya, kwa hiyo alichukua chaki ya kuchorea nguo akainamia meza. Alimweleza kwamba wanda mmoja ni angstromu milioni mia moja na tisini. Angstromu ndiyo wanayopimia atomi, na atomi moja ina kama mbili au tatu hivi. Akazidisha mara mbili, akagawa kwa siku thelathini, kwa saa, kwa dakika, mpaka sekunde. Fundi alisimama nyuma yake akikagua kila sifuri, wala hakujua anakagua nini.

"Karibu angstromu mia na hamsini," Profesa alisema. "Kila sekunde, baba. Hazipumziki."

"Na hizo ni atomi ngapi?"

"Sitini, ukizipanga mstari."

Fundi alifurahi. Naam, alifurahi, tusimsingizie huzuni ambayo ilikuwa bado haijamfikia. Vitu sitini visivyoonekana kwa macho! Nani angeshindwa kurudisha sitini? Aliuliza kijiko kimoja cha supu kina atomi ngapi, Profesa akajibu kwamba hata kuzitaja ni kazi. Kabla hajamaliza kueleza kwa nini hesabu haiendi hivyo, baba yake alikuwa ameshafika jikoni anapasha sufuria.

Siku tisa alimlisha mkewe kwa ratiba, kijiko kila nusu saa. Mkewe alimeza ili amridhishe, kisha alitapika macho yamefumba na kuomba radhi. Kile kuomba radhi ndicho kilichomchoma Profesa. Siku ya kumi, akimwogesha mama yake, aliona vidonda viwili, kila ubavu kimoja, pale mishono minene ilipokuwa inamsugua mifupa. Alimwita baba yake akamwonyesha. Akasema kitambaa kile kikatwe leo.

Fundi aliwaka. Alisema huyu mtoto kasoma mpaka kamkatia mama yake tamaa. Alisema mengi, mengine ya kuumiza, na sauti yake ilisikika mpaka nje.

"Daktari kasema hatanenepa, baba," Profesa alisema, naye akaanza kulia.

Mkewe alikuwa amekaa kitandani na taulo mabegani. Hakushtuka. Mwili ni wake, alikuwa anajua zamani.

"Kata, mume wangu," alisema. "Yule mnene harudi. Nimechoka kumbebea kitambaa chake."

Fundi alilichukua gauni akaenda nalo mezani. Alifumua mishono taratibu, akakata upande wa kulia, akakata wa kushoto, akaacha nusu wanda tu ya kushikia uzi. Alilia waziwazi huku akishona, na Profesa alimshikia taa ya mezani kwa sababu machozi yalimzuia kuona.

Walimvika. Mchana ule mkewe alilala kwa ubavu, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa majuma mengi. Fundi alikaa sakafuni kando ya kitanda, akimsikiliza anavyohema. Nusu saa ilifika, supu ikiwa tayari jikoni, ikapita. Hakumwamsha.