Meza ya Watu wa Ait Wafra

Katika kiwanda kile cha dagaa wa kopo katika mji wa bandari wa Safi, kazi haikutangazwa. Msimamizi alipohitaji mtu, aliwaambia wanawake wa mezani, nao wakamleta dada, binamu, au wifi. Ndiyo maana meza ya karibu na mlango ilikuwa yote ya kijiji kimoja cha milimani, Ait Wafra.

Zhour, binti wa mjini, aliingia kwa bahati tu. Mashua zilirudi zimejaa, na Ijja wa meza ile alikuwa amezikwa juzi. Msimamizi akamtupia aproni ya marehemu. "Kaa pale."

Mkubwa wa meza, Tamou, ambaye wote walimwita Lalla kwa heshima, akamsogezea kisu. "Ijja, mwanangu, leo umechelewa."

"Mimi Zhour, Lalla."

"Haya, Ijja. Kata vichwa."

Alidhani wanamtania mgeni. Lakini kila mchana, wakila mkate na zeituni, walimpa pole ya goti. Goti lake lilikuwa zima. Baada ya muda likaanza kuuma. Asubuhi moja alimkemea jirani yake aliyemrushia magamba. Meza nzima ikaangua kicheko, naye akacheka, kisha nywele zikamsimama. Alikuwa amesema kwa lugha yao ya milimani, na hakuna aliyemfundisha.

Dagaa walipozidi, msimamizi akapita. "Nataka mmoja zaidi. Nani ana mtu?"

"Mimi!" akasema Zhour. "Nina mdogo wangu, Hasnae."

"Wewe huna mdogo, Ijja," Lalla Tamou alisema kwa upole. "Atakuja binamu yangu."

Hata hivyo, jioni Zhour alimwambia Hasnae aje.

Kesho yake asubuhi Hasnae akasimama langoni. "Zhour!" msimamizi aliita. "Huyu ni wako?"

Zhour aliendelea kukata.

"Ijja, unaitwa," alisema Lalla Tamou.

Hapo akainuka, akachechemea hadi langoni. Akamtazama yule msichana kama anayetafuta kitu gizani.

"Simjui."

"Dada! We dada, acha mzaha, ni mimi!"

"Meza yetu imejaa, binti. Tafuta kwa watu wenu."

Machozi yalimtiririka alipokuwa akirudi, naye hakujua analia nini.

Hasnae alimsubiri nje mpaka jioni. Alimwona akipanda lori la wanawake wa Ait Wafra, huku mikono mingi ikimvuta juu, na lori likashika njia ya milimani.