Mikono ya Armas Kettunen

"Mikono minne anayo, Lorna. Minne! Mimi ninayo miwili, na huu mmoja umeshika bia. Sasa hapo nani amsaidie nani?"

"Iweke chini hiyo bia."

"Itapata moto."

Dale Pihlaja alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa la ukumbi wa Waukraine, ghorofa ya pili, mjini Sudbury, saa kumi na robo alasiri. Yeye ndiye mwimbaji wa bendi ya Moshi wa Nikeli, na Lorna alikuwa mke wake wa miaka ishirini na mmoja. Sherehe ya wazee wawili waliotimiza miaka hamsini ya ndoa ilikuwa imekwisha, na wageni walikuwa wakifungasha pierogi zilizobaki, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani. Nyuma ya jukwaa Armas Kettunen, mpiga dramu, alikuwa akifungua matoazi kwa mikono miwili, huku wa tatu ukikunja stendi na wa nne ukimkuna sikio.

Nusu saa kabla ya hapo Armas alikuwa ametangaza kwamba leo ndiyo mwisho. Hakupandisha sauti. Mgongo umechoka, dramu anaziuza, asanteni kwa yote. Réjean, mpiga gitaa, alimpa pole, kisha akakumbuka kwamba nyumbani ana mashine inayopiga dramu yenyewe, ukubwa wake kama mkate.

Mkono wa tatu wa Armas ulikuwa umechipuka miaka mitatu nyuma, mwezi wa pili, chini ya kwapa la kushoto. Wa nne ulifuata msimu wa baridi uliofuata, upande wa kulia. Daktari aliuminya, akauliza kama unauma, akaandika dawa ya kupaka. Kiwandani alikoajiriwa, wanakoyeyusha nikeli, walimwongezea jozi ya glavu. Mama yake alimshonea mashati sita, akalalamika juu ya vifungo. Katika bendi, Dale alisema neno moja tu: afadhali, sasa ngazi utazimudu.

Maana mwimbaji hubeba maikrofoni yake na mpiga gitaa hubeba gitaa lake. Mpiga dramu hubeba dramu zake zote, na anapomaliza safari ya mwisho wenzake wameshakula. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja.

Lorna hakuwa mtu wa kushabikia vitu. Alikuwa mapokezi kwa daktari wa meno, alikuwa amezaa watoto watatu, na hata siku ya harusi yake alitazama saa mara mbili. Lakini kwa miaka kumi na tisa hakukosa onyesho hata moja la Armas. Alisimama kila mara mahali palepale, kushoto kwa jukwaa, karibu kiasi cha kurukiwa na jasho lake, na hakulifuta mpaka wimbo uishe.

Mchana huo, ilipofika zamu ya Armas kupiga peke yake, bendi ilitoka kuvuta sigara na wageni wakaenda chooni, kama watu wanavyofanya dramu zikiachwa peke yake. Walibaki Lorna na bwana harusi wa miaka themanini, ambaye asingeweza kuinuka haraka. Armas alianza polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Mguu wake ukahesabu nne, mkono wa kushoto ukahesabu saba, na miwili ya chini ikabishana juu ya tatu na tano, na kila ilipokutana ilikuwa sawasawa, kama mlango unaoingia kwenye fremu yake. Uma zilitembea juu ya meza mpaka ukingoni zikajipanga. Meno ya bandia ya bwana harusi, aliyokuwa ameyaweka kando ya sahani ili ale keki kwa raha, yalianza kugonga pamoja na dramu, na hayakukosea hata mara moja. Mzee aliyatazama, akaendelea na keki.

Kisha watu wakarudi kutoka chooni na Dale akaimba.

"Mashine ya Réjean itatutosha," alisema Dale sasa. "Nitaibeba mwenyewe."

"Wewe? Utabeba?"

"Si ndogo?"

"Miaka kumi na tisa, Dale, hujabeba hata kijiti."

"Na wewe je, mama? Wewe umebeba nini?"

Lorna alimwacha akaenda nyuma ya jukwaa.

"Armas, acha ujinga. Huuzi kitu. Mtu haoti mikono bure. Mungu kakupa hii upige."

"Siyo ya kupiga, shem," alisema Armas, akiendelea kukaza mkanda wa mfuko wa matoazi. "Huu wa tatu ulinitoka kule mjini Timmins, kwenye ile klabu yenye ngazi za chuma. Ngazi ya tisa. Nilikuwa na dramu kubwa kifuani na mlango umefungwa. Huu mwingine ulitoka hapahapa, ile siku ya theluji."

"Siyo kwa sababu ya mazoezi?"

"Kupiga, miwili ilinitosha. Hii mingine naitafutia kazi tu isikae bure."

Lorna alijaribu kukumbuka siku moja aliyomwona akishuka ngazi.

"Mimi nilikuwa wapi?" aliuliza.

"Ulikuwa unanipisha. Ulikuwa unanipisha vizuri sana, shem. Wengine hata kupisha hawapishi."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Jumamosi ijayo bendi inapiga Elliot Lake," alisema Lorna. "Utapiga?"

"Kuna ngazi ngapi?"

"Tutagawana."

Armas alimtazama kidogo, kisha mikono yote minne ikashuka. "Haya," alisema.

Lorna alimwekea Dale mkoba wake mapajani, juu ya bia, akarudi, akaikumbatia dramu kubwa, ile inayopigwa kwa mguu, na kuinyanyua. Ilikuwa nzito kuliko mtoto wake yeyote.

"Lorna, kwa kuwa unashuka," alisema Réjean, akamwekea mfuko wa nyaya juu ya dramu hiyo.

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Kwenye ya kumi na nne kwapa la kushoto lilianza kumwasha. Kwenye ya kumi na saba mshono wa blauzi uliachia, kwa sauti iliyofika mpaka juu.

"Mkono umetokeza?" Dale aliita kutoka jukwaani. "Basi ukirudi chukua na spika!"

Lorna alikuwa akifikiri kwamba blauzi ile ilikuwa mpya, na kwamba nguo za shule za watoto sasa zitaanikwa mapema. Nyuma yake Armas alishuka na dramu tatu. Chini kabisa mlango ulikuwa umefungwa, na hakukuwa na mtu wa kuushika.

"Mlango, shem," alisema Armas.

"Nimeuona."

Mkono mpya, mwekundu, ukiwa bado na unyevu, ulipapasa kidogo, ukakipata kitasa, ukasukuma.