Yowe Lililofungwa Bomani

Zipora alikuwa zizini anamkama mbuzi wa pili paa la tembe, nyumba yao ya udongo, lilipomwangukia mumewe. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu jana yake, na udongo wa paa ukishanywa maji huzidi nguvu za nguzo; kila Mgogo anajua hivyo. Aliweka kibuyu cha maziwa pembeni, mbuzi asije akakipiga teke, akaenda kutazama.

"Niko hai," Matonya alisema kutoka chini ya udongo. "Boriti imenibana kifua. Piga yowe."

Akapiga. Ugogoni nyumba ziko mbalimbali, lakini yowe likisikika hakuna anayeuliza ni la nani: mtu anachukua jembe, anakuja. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Yowe likamtoka Zipora kinywani, kubwa kama ndama, likaruka ua, likashika njia ya kwa jirani yake Emilia. Halikufika. Askari wa boma alikuwa anapita na kamba begani. Akalikamata, akalifunga shingoni, akaenda nalo.

Lilikuwa marufuku. Tangu vita vya Maji Maji kule kusini, Mdachi, yaani Mjerumani, hakutaka watu waitane. Kila yowe liombewe ruhusa bomani kwanza, kisha boma lenyewe lilete msaada. Atakayeitikia yowe la wizi, lisiloombewa ruhusa, atachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Akida Bashiri, mtu wa pwani aliyenona kwa mbuzi wa wenziwe, alitangaza sokoni kwa kinywa chake: mabeleshi mapya yameletwa kwa ajili ya maafa, raia wasihangaike. Wasihangaike! Ptuu!

Zipora alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Boriti haikutikisika.

"Lifuate," Matonya alimwambia. "Peke yako hutaniweza."

Alilikuta limefungwa kwenye nguzo ya baraza ya boma, limelowa, linatetemeka. Lilipomwona likatulia kidogo.

"Shikamoo, Bwana Akida. Mume wangu yuko chini ya udongo, anaongea."

"Marahaba. Pole, mama." Akida alikuwa anachokonoa meno. "Mambo ya nyumba ni yangu, sikatai. Ila mvua ni ya Bwana Shauri. Na mumeo si kibarua wa reli? Basi mtu ni wa reli."

Akaitwa msimamizi wa reli. Alisema mtu ni wake kweli, lakini udongo si wake. Mabeleshi ni yake, ila ufunguo wa ghala uko bomani. Bwana Shauri, Mjerumani mwenye boma, alikuwa mezani anakula yai. Akaagiza wapatane kwanza, wamletee shauri moja, si matatu. Wakakaa kupatana. Kahawa ikaletwa. Mwenzao anavuta udongo puani, wao wanapuliza kahawa! Zipora aliwatazama midomo ilivyokuwa ikifanya kazi, akaenda kuchuchumaa nguzoni, karibu na yowe lake.

Jua la utosi ndipo walipopatana, yowe likafunguliwa. Lilipita kijiji cha Kizota mbio, likavuka korongo, likaingia kila kaya, na watu wakatoka na majembe. Emilia alifika wa kwanza.

"Jamani, mwenzangu, ndiyo kwanza tunasikia!"

Walimfukua Matonya kabla jasho halijawatoka. Kazi ilikuwa ndogo kiasi hicho. Mwili ulikuwa bado una joto.

Akida alikuja nyuma, juu ya punda, na mabeleshi yanayong'aa. Yakachimba kaburi.

"Mmeona wenyewe," aliwaambia waombolezaji. "Boma likiahidi, linafika."

"Limefika kuzika," Zipora alisema. "Kuzika tungejizikia."

Akida alimtaka radhi kwa usumbufu, kisha akaondoka na yule mbuzi wa pili, kwa ajili ya uchovu wa punda.

Masika yaliyofuata Zipora alikuwa shambani anapalilia uwele. Yowe la Emilia likapita njiani. Halikuvutwa na mtu, wala halikuwa na kamba. Lilikuwa linakwenda lenyewe bomani, kimya, limeinamisha kichwa, likangoje ruhusa. Zipora akalisalimu. Kisha akatazama upande wa kwa Emilia, akaona tembe lake limekuwa fupi, paa limeshuka.

Alikamata jembe akakimbilia huko. Askari wa boma alikuwa nyuma yake, kiboko mkononi, anatembea taratibu. Hakuwa na haraka. Alijua atamkuta anachimba.