Viti Viwili vya Gari Jekundu

Alfajiri ile kilichoniamsha ni kijiko. Kri, kri, kri, ndani ya kikombe cha bati. Nikajua mume wangu Kasian amekaa jikoni gizani, anakoroga chai ambayo hakuitia sukari, maana sukari nilikuwa nimeificha mwenyewe.

"Baba Fausta," nikamwita, "umeamua?"

"Bado kidogo," akasema.

Hiyo "bado kidogo" nilikuwa nimeisikia siku kumi na saba.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka ule wa Azimio. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanachukuliwa na serikali, na Bwana Stavro, Mgiriki aliyekuwa meneja wetu hapa Rudewa, alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Kasian alikuwa dereva na fundi wake kwa miaka kumi na sita. Bwana Stavro hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakumsahau. Alimwita bandani akamwonyesha magari yake mawili ya mbio, akasema, "Chagua moja. Litakalobaki nitampa Theodory." Theodory alikuwa karani wa shamba.

Magari yote mawili yalitoka kiwanda kimoja. La zamani lilikuwa jeusi, la mwaka hamsini na mbili, limenyanyuka juu ya magurudumu yake kama kuku aliyekanyaga maji. Lilikuwa na kiti cha nyuma, na asubuhi za baridi haliwaki mpaka lipigwe hendeli. Jipya lilikuwa jekundu, la mwaka sitini na nne, refu mbele, fupi nyuma, tena chini sana, hata mbuzi angeweza kulichungulia kwa juu. Hilo lilikuwa na viti viwili tu.

Mtu mwingine angeamua chai haijapoa. Kasian alinieleza kila jioni. Jekundu linakimbia mara mbili ya jeusi. Lakini injini ya jeusi anaijua hata akifumba macho. Lakini jekundu breki zake ni za kisasa. Lakini vipuri vya jeusi atavichonga mwenyewe. Lakini jekundu, Mama Fausta, ungelisikia linavyonguruma! Mimi napepeta mchele, yeye anazungumza na ungo. Watoto wakasinzia, naye anaendelea.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu. Mama yangu, Raheli, aliishi mlimani juu ya Kisanga, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Kaka yangu Yeremia, aliyeishi naye, alikuwa amenitumia barua. Madaktari wa macho watakuja Mikumi Jumanne, wataondoka Alhamisi saa sita mchana, na hawarudi mpaka mwakani. "Mama sasa anapapasa ukuta ndipo afike nje kuota jua," aliandika. "Juzi amekanyaga moto." Basi la kwenda Mikumi lilikuwa limeharibika tangu mwezi wa nane. Kama hatukumpeleka sisi, hakuna wa kumpeleka.

Na ile alfajiri ya kijiko ilikuwa Jumanne.

"Chagua lenye kiti cha nyuma, twende," nikamwambia.

Kasian akaweka kijiko chini. "Ungekuwa unajua magari usingesema hivyo. Nimeamua. Jekundu. Kwa jekundu tutafika Kisanga hujamaliza kupiga chafya."

"Na mama atakaa wapi?"

"Pale utakapokuwa umekaa wewe. Wewe utabaki kwake uangalie kuku, mimi nampeleka Mikumi."

Nilimtazama. "Wewe na mkwe wako? Bega kwa bega?"

Kwetu mwanamume hakai benchi moja na mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayetoka njiani na kuingia majanini, anachuchumaa na kuinamisha macho mpaka mama apite. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na Kasian alikuwa ameishika miaka yote bila kukosea hata mara moja.

"Tumeshapata uhuru," akasema, akivaa kofia yake nyeupe ya udereva. "Mambo ya kukimbia wakwe yamepitwa. Hata mwalimu wa elimu ya watu wazima amesema."

"Huyo mwalimu ana mkwe?"

Alikuwa ameshatoka.

Tulipita Kilosa mjini watu wakisimama kututazama, na Kasian akapunguza mwendo ili watutazame vizuri. Baada ya hapo barabara ikawa mawe na mchanga. Kila jiwe liligonga chini ya gari, naye Kasian akasema "pole" — si kwangu, kwa gari. Penye mchanga mwingi nilishuka nikatembea kwa miguu ili gari liwe jepesi. Nilishuka mara nne. Mara ya nne mzee mmoja mwenye baiskeli alinipita, akaniuliza kwa upole kama ningependa anipakie.

Mpaka tufike Kisanga jua lilikuwa limepita utosi.

Yeremia alikuwa amemshika mama mkono wanateremka mlimani. Mama alivaa gauni lake la kanisani, na kwapani alibeba jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya mkwe wake. Nilikimbia kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari nimelisikia tangu mbali. Mkwe wangu hajambo?"

Nikageuka ili Kasian aitikie. Hakuwepo. Mlango wa gari ulikuwa wazi, na kando ya barabara majani marefu yalikuwa yanatikisika.

"Shikamoo mama," majani yakasema.

"Marahaba, baba."

Nilisimama pale na jogoo mkononi, sikujua nicheke au nilie.

Mama alilipapasa gari taratibu, kama anavyopapasa mtoto mchanga. Mlango. Kiti. Kile chuma cha kubadilishia gia katikati. Kiti cha pili, karibu hapo hapo.

"Nyuma kuna nini?" akauliza.

"Nyuma hakuna kitu, mama."

"Kwa hiyo goti langu litakuwa hapa."

"Ndiyo."

"Na lake?"

Mama akarudi nyuma, akatafuta jiwe kwa mguu, akakaa. "Upofu nimeshauzoea," akasema. "Kumwaibisha mkwe wangu sijazoea."

"Mama, ni macho yako! Mpaka mwakani!"

"Nimesikia."

Nikageukia majani. "Wewe mwenye uhuru, toka huko! Mwambie mwenyewe kwamba mambo haya yamepitwa!"

Kule majanini nikasikia sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa Kasian. "Siwezi, Mama Fausta. Nilidhani naweza. Miguu imenitoa yenyewe."

Hakuna aliyemcheka. Yeremia alimpelekea maji kule kule majanini. Mama akasema tuondoke mapema, barabara ni mbaya, na jogoo tumchukue.

Tukaanza safari ya kurudi. Jogoo alikuwa mapajani kwangu. Tulipokaribia Kilosa, Kasian akasema, "Kwenye kona lakini linatulia."

"Kasian," nikasema. Sikuwa na desturi ya kumwita jina. Alishika usukani kwa mikono miwili mpaka Rudewa.

Theodory tulimkuta mbele ya banda, ameketi ndani ya gari jeusi, amefunga tai, mikono juu ya usukani, wala gari haliwaki. Alipotuona alipiga honi.

"Fundi! Siku kumi na saba za kuchagua! Mimi ningeshaoa mara mbili na kuacha!"

"Theodory," Kasian akasema, "nimekuja kuomba tubadilishane."

"Ehe! Jekundu limekuuma?" Akacheka mpaka tai ikapanda begani. "Shemeji, mume wako huyu! Kesho atakuja kuomba tubadilishane na punda!"

Nilishuka nikamweleza mimi. Macho ya mama, Mikumi, Alhamisi saa sita, viti viwili. Kufikia habari ya majani nilidhani atacheka tena. Lakini Theodory alikuwa mtu wa milimani kama mimi. Alishuka mwenyewe, akafungua tai.

"Nililijaza mafuta asubuhi," akasema. "Nilitaka kwenda Kilosa kujionyesha. Nendeni nayo hayo hayo. Na hilo jekundu nitalisukuma bandani, mimi kuendesha kwenyewe najifunza bado." Kisha akamgeukia Kasian. "Ila usirudi kesho na kuniambia umelikumbuka."

Bwana Stavro alikata majina kwenye karatasi za magari, akaandika upya. Hakuuliza sababu.

Jumatano jeusi lilikataa kuwaka. Kasian alipiga hendeli mara tisa, nikahesabu, na kila mara nilitaka kusema neno, nikameza. Mara ya kumi likakohoa. Lakini kabla ya kuondoka nilimwona anafanya jambo ambalo sikumwomba. Alichukua shuka letu, lile jipya, akalifunga kwa kamba kati ya viti vya mbele na kiti cha nyuma, akalivuta mpaka lisiache upenyo. Kisha akakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma, kikatazama paa.

Kisanga tulifika mapema. Mawe hayakutugusa hata moja. Mama alipanda nyuma pamoja nami, akapapasa shuka.

"Nani ametundika hii?"

"Mkwe wako."

Alipitisha vidole kwenye upindo wa shuka karibu njia nzima hadi Mikumi.

Madaktari walimfanyia upasuaji mchana ule ule. Kasian alilala ndani ya gari, na alipodhani sioni alikuwa akipangusa taa za mbele kwa mkono wa shati. Najua alikuwa akiliwaza lile jekundu. Sikumsema. Nilikuwa nimechoka kumsema, na uji alikuwa amenitafutia yeye.

Alhamisi asubuhi walimfungua mama kitambaa jicho la kulia. Akanitazama muda mrefu. "Umezeeka, Magreti," akasema, akanishika shavu.

Tulimrudisha Kisanga. Chini ya mlima nilimshusha, Yeremia akampokea. Kasian alikuwa ameshaingia majanini, safari hii kwa haraka ya kutosha, alidhani. Mama alipiga hatua tatu, akasimama. Akainua uso kuelekea majani, akayatazama kwa jicho lake jipya, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Magreti, kule kwenye majani kuna kofia nyeupe."

"Ndiyo mama."

"Naiona kabisa. Mpaka kishikizo."

Kofia ilizama. Mama akageuka upande, kama desturi inavyotaka, akapaza sauti kana kwamba anaongea na mlima.

"Iambie hiyo kofia ije tena kabla ya Krismasi. Na ije na gari hili hili lenye kiti nyuma. Nitachinja."

Majani yalitikisika.

"Tutakuja, mama," yakasema.

"Mje kweli," akasema mama. "Msinikalishe njiani nikitazama vumbi la watu wengine. Mje."