Sauti ya Joëlle Mbele ya Kamati

"Unalia kwa ajili yetu au kwa ajili ya kamera?" Mheshimiwa Holowchuk alimuuliza Mama Verna Comeau mbele ya kamati ya Bunge la Kanada, na wakalimani wakalitafsiri swali hilo kwenye kibanda chao cha vioo.

Mama Verna alikuwa amekuja Ottawa kutoka New Brunswick, na theluji ya viatu vyake ilikuwa ikiyeyuka chini ya meza ya mashahidi. Binti yake Joëlle, mwalimu wa chekechea, alifariki kwa saratani. Kampuni moja ikachukua video alizokuwa akiwaimbia watoto, ikaunda sauti yake kwa mashine, na sasa sauti hiyo inapiga simu nyumba kwa nyumba kuuza matairi. Ilimpigia hata mama yake.

"Sikuja kulia, mheshimiwa," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya kifungu cha tisa."

Kifungu hicho cha muswada mpya kingepiga marufuku, nchi nzima, kuunda sauti ya marehemu bila idhini ya jamaa zake. Siku hiyo kamati ilikuwa ikikipigia kura.

Mimi ni mchambuzi wa kamati, mtumishi anayewafafanulia wabunge sheria. Huketi kando ya mwenyekiti, Bi. Lavigueur, na kwa desturi ya pale sifungui mdomo mpaka yeye aniulize. Desturi hiyo hunifaa. Mbele ya watu, maneno hunikaukia mdomoni.

"Sauti ni mali ya mtu," Holowchuk aliendelea. "Mali ni kazi ya mikoa. Sisi wa mkoa wa Saskatchewan hatuhitaji Ottawa itupangie nani aimbe na nani asiimbe. Nenda kwa mkoa wako, mama."

"Nilikwenda. Wakapiga marufuku. Kampuni ikahamia mkoa jirani, na simu zinaendelea."

"Basi hamia mbali zaidi na simu yako."

Mtu mmoja alicheka. Mheshimiwa Pettipas wa Nova Scotia, aliyeandika kifungu hicho, akapiga meza mpaka kahawa ikamwagika.

"Huna haya, Dwight Holowchuk! Hii ni dharura! Nasema hivi, na iandikwe: hii ni dharura ya taifa!"

Neno hilo lilikuwa la hatari kwake mwenyewe. Katiba yetu iligawa kazi kati ya Bunge na mikoa zamani sana, na jambo ambalo halikupewa upande wowote huangukia Bunge. Lakini huliangukia kwa njia mbili. Likiwa jipya, la nchi nzima, na mkoa mmoja mmoja hauwezi kulikamata, linakuwa la Bunge moja kwa moja. Likiwa dharura, Bunge linaazimwa tu kazi hiyo, na dharura ikiisha linairudisha kwa mikoa. Pettipas alikuwa amegonga mlango wa pili kwa hasira.

Holowchuk alimtabasamia Pettipas kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Asante, Ansel. Mwenyekiti, naleta rekebisho. Kwa kuwa ni dharura, kifungu cha tisa kife baada ya mwaka mmoja."

Mwaka mmoja kampuni ingeusubiri huku ikinywa chai.

Bi. Lavigueur akanigeukia. "Mchambuzi?"

Nilivuta kipaza sauti, nikakigonga kwa bahati mbaya. "Mheshimiwa mwenyekiti, si dharura. Ni jambo jipya, kama redio na ndege zilivyokuwa. Shahidi ametuambia mkoa wake ulijaribu ukashindwa, kwa sababu kampuni ilivuka mpaka. Hapo ndipo penye mamlaka ya Bunge, na mamlaka hayo hayana mwisho wa mwaka."

"Kwa hiyo mheshimiwa Pettipas amekosea?" Holowchuk aliuliza taratibu, akifurahia kila neno.

"Ametumia... neno la njia nyingine."

"Amekosea au hajakosea, binti?"

"Amekosea."

Shingo ya Pettipas iliiva hadi masikioni. Nilimwandikia kikaratasi: *Futa tu neno hilo, mheshimiwa.* Alikisoma, akakikunja mara mbili.

"Nimekuwa Bungeni tangu huyu yuko shule ya msingi," alisema. "Sitafuta neno langu kwa sababu ya mtu aliyeajiriwa kuchapa ripoti."

"Ansel," mwenyekiti alisema, "ni kifungu chako."

"Nimesema dharura. Ni dharura."

Kura ikaitishwa juu ya rekebisho. Kama Pettipas angepinga, kura zingelingana, na mwenyekiti, kwa desturi yetu, huamua muswada ubaki ulivyo. Pettipas alilijua hilo kuliko mimi. Jina lake lilipoitwa alisema, "Sipigi kura," akafungua simu yake. Rekebisho likapita, na kifungu pamoja nalo.

Holowchuk alifunga mkoba. "Safari njema, mama. Mwaka ni mrefu."

Nilimkuta Mama Verna kwenye korido akihangaika na zipu ya koti. Nikapiga magoti nikamsaidia.

"Kwa hiyo mwaka ukiisha Joëlle anaanza tena kuuza matairi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa upande wetu, aliyekiandika kifungu, ndiye aliyekiacha?"

"Ndiye."

Alinitazama kwa macho makavu, bila huruma hata kidogo. "Basi usinifungie koti. Niambie uchaguzi wake kule Nova Scotia ni lini, na nyumba yake iko mtaa gani."

Nikamwambia lini. Mtaa sikuujua, lakini nilimwambia ofisi yake ya jimboni iko wapi, na kwamba hufunguliwa Ijumaa.